Umri wa Mtoto Usikisiwe kwa Macho



Mwenzetu mmoja alirudi kutoka zamu ya usiku akakuta mwanawe hayuko nyumbani. Kijana ana miaka 16. Alikamatwa katika msako pamoja na watu wazima, na kwa kuwa ni mrefu wa kimo, stesheni akaandikwa kuwa ana miaka 18. Siku mbili baba alihangaika kutafuta cheti cha kuzaliwa, na siku mbili hizo mtoto alilala korokoroni na wakubwa.

Sisi hatusemi watoto hawakosi. Akosaye na aonywe, na alipe alichoharibu. Lakini mtu wa miaka 16 hana ruhusa kupiga kura, hapewi kitambulisho, wala hawezi kuoa kwa sheria. Iweje siku ya kushtakiwa ndipo awe mzee?

Sheria yenyewe imekwisha songa mbele. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mkoloni ilimkinga kabisa mtoto wa chini ya miaka 8 tu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri huo hata 12, na aliye chini ya 14 huhesabiwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, isipokuwa korti iridhike kwamba anajua. Tena Katiba ya 2010 yasema mtoto ni yeyote asiyefika miaka 18, asifungiwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na akifungiwa iwe kwa muda mfupi na mbali na watu wazima.

Tunashukuru kwa hatua hiyo, lakini haitoshi. Mwaka 2019 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilizihimiza nchi ziweke umri usiopungua 14. Nasi twataka 14 iwe mpaka kamili, bila ya "isipokuwa".

Hata hivyo, namba iliyo katika kitabu cha sheria haimfai mtoto ambaye umri wake unakisiwa kwa macho. Mtoto wa tajiri huletewa wakili na cheti kabla jua halijatua. Mtoto wetu hungoja mpaka baba apate ruhusa kazini.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, askari akiwa na shaka juu ya umri, amhesabu kijana kuwa mtoto mpaka korti ichunguze. Pili, mwajiri ampe mzazi ruhusa siku hiyo hiyo bila kumkata mshahara. Tatu, nasi wenyewe tuamke: kila mwanachama awaandikishe watoto wake na kukiweka cheti mahali kinapopatikana upesi. Asiyejua njia amwone katibu wa tawi lake.

Tumezoea kusimama pamoja mwenzetu anapofukuzwa kazi. Mtoto wake anapofikishwa kizimbani, tusimwache baba asimame peke yake.