Uduvi Si Mtoto wa Kamba

Katika soko la Feri, Dar es Salaam, kamba huchaguliwa. Mnunuzi humgeuza, hutazama kama kichwa kimeanza kuwa cheusi, humnusa, ndipo akubali apimiwe kilo. Uduvi hauchaguliwi. Huwa umeshakauka juani, umerundikwa kama pumba zenye wekundu wa mbali, na muuzaji anauchota kwa kikombe.

Sikiliza anavyotamka: "kamba hawa", kisha "uduvi huu". Kamba anahesabika; uduvi hupimwa, kama unga.

Tatizo huanza pale uduvi unapoelezwa katika kamusi kwa maneno mawili tu, "kamba wadogo". Msomaji wa bara asiyewahi kuuona huelewa kwamba ni watoto wa kamba, wakiachwa watakua. Uduvi haukui hivyo. Uduvi wa jamii ya Acetes, unaovuliwa pwani yetu, huwa mzima kabisa ukiwa na sentimita mbili au tatu, ilhali kamba aina ya Penaeus monodon anaweza kupita sentimita 30. Ukiulaza mmoja kwenye kiganja na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, utahesabu jozi tatu za miguu ya kutembelea. Kamba ana tano.

Kamba naye ana utoto wake. Mama hutaga baharini, wachanga husukumwa na maji hadi kwenye mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, hukulia humo, kisha hurudi baharini. Kwa hiyo kwenye vijito vya mikoko kamba mchanga na uduvi mpevu wanaweza kuingia wavu mmoja wakiwa na urefu ule ule. Akina mama waliozoea kutanda kwa nguo au wavu wa matundu madogo wanalijua hilo vizuri kuliko watunga kamusi wengi.

Na hapo neno linagusa riziki. Anayeamini uduvi ni watoto wa kamba atamshutumu mama wa watu kwamba anamaliza kamba, kumbe ndoo yake ina uduvi mtupu. Mwingine atauza kamba wachanga kwa jina la uduvi, na mnunuzi asishtuke.

Mwandishi wa safu hii anaomba kamusi zijazo ziongeze maneno machache tu kwenye kidahizo cha uduvi: "hata ukikomaa hauwi kamba".