Kifafa: ubongo unatoa alama mbele ya mtu kuanguka

Kampene, katika teritware ya Pangi, ni mahali pa mashimo ya dhahabu. Mtu mwenye kifafa akianguka sokoni, anaweza kuinuka na michubuko tu. Akianguka kwenye moto, mtoni ama kwenye mdomo wa shimo, anaweza kufa. Je, inawezekana kujua mbele kama mshituko unakuja?

Wanasayansi wanajibu: ndiyo, kwa kiasi. Seli za ubongo zinapashana habari kwa umeme mdogo sana. Mjerumani Hans Berger aliupima kwa mtu mara ya kwanza mwaka wa 1924. Siku ya kawaida seli ni kama watu sokoni, kila mmoja na maongezi yake. Mshituko ukifika, seli nyingi zinapiga pamoja, na mwili unafuata. Kwa wagonjwa fulani, umeme huo unaanza kubadilika dakika nyingi mbele.

Mwaka wa 2013, kundi la Mark Cook huko Melbourne, Australia, lilitoa matokeo ya mashine iliyowekwa ndani ya mwili wa wagonjwa 15 ili kuwaonya. Haikufanya kazi sawasawa kwa wote, juu ya kila ubongo una alama zake.

Hata bila mashine, wagonjwa wengine wanasikia kitu: harufu ambayo hakuna mwingine anaisikia, tumbo kupanda kifuani, mkono kucheza, woga wa ghafla. Hiyo si kazi ya mchawi. Ni mshituko wenyewe umeanza katika sehemu ndogo ya ubongo. Mara nyingi unaacha sekunde chache: kukaa chini, kuachana na moto, kuita jirani. Wengine hawapati onyo hata kidogo.

Jirani naye amlaze mgonjwa upande na kuweka nguo laini chini ya kichwa. Asitie kijiko mdomoni, asimkamate kwa nguvu. Povu haliambukizi kifafa. Mshituko ukipita dakika 5, apelekwe kituo cha afya.

Lakini kujua mbele si kuzuia. Kinachozuia ni dawa. OMS inasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi 70% wangeweza kuishi bila mshituko kama wangepata matibabu yanayofaa. Fenobarbitali ni dawa ya bei ndogo, ila inamezwa kila siku. Kuikata ghafla kunaweza kuleta mishituko mikali zaidi.

Mwezi wa Mei 2022, nchi wanachama wa OMS, Kongo nayo ndani, zilikubali mpango wa kuongeza huduma za kifafa kwa 50% hadi 2031, kulinganisha na 2021. Huko Pangi, familia zitaupima kwa jambo moja: vidonge vikiisha nyumbani, vingine viko kwenye kituo cha afya ao hapana?