Kusini mwa Maniema: barabara isiyo barabara, na mizaha inayosema kweli

Katika Kiswahili, "barabara" ni njia ya magari. "Barabara" ni pia sawasawa, bila kasoro. Kusini mwa Maniema maana hizo mbili zimeachana zamani. Motari anayesukuma pikipiki yake ndani ya matope kati ya Kasongo na Kabambare ana haki ya kuuliza: ikiwa hii ni barabara, mbona haiko barabara?

Kwa mizaha ya namna hiyo mtu anaweza kujaza kamusi nzima ya raia. Msaada: masaa mengi juani. Orodha: karatasi yenye majina yote isipokuwa lako. Zahabu: kwa matamshi ya huku, ndugu wa karibu wa azabu. Na Salamabila, kule karibu na mgodi wa Namoya? Anayeligawa jina hilo anapata "salama" na "bila". Familia zilizokimbia vita vya huko hazina haja ya kuelezwa mzaha huo.

Wakongomani wana ustadi huu tangu zamani. Chama cha Mobutu, MPR, kilichoundwa mwaka 1967, raia walikisoma kwa sauti ya chini: "Mourir pour rien", yaani kufa bure. Kifungu cha 15, "jitafutie mwenyewe", kinajulikana hata kwa asiyewahi kufungua katiba. Kinshasa, neno "delestaji" la kukatwa kwa umeme lilihamia kwenye sufuria: leo wanakula watoto, kesho wakubwa. Njaa ilisemwa wazi, na hakuna aliyeweza kukamatwa kwa kutaja umeme.

Huo ni mzaha mzuri, na watu wasiuache. Lakini kuna mwingine unaofanana nao na ambao unafanya kazi kinyume. Rushwa inaitwa "chai", inaitwa "soda", na kwa Kilingala inaitwa "madesu ya bana", maharagwe ya watoto. Nani atamnyima mtoto maharagwe? Anayelipa kwenye barieri anacheka, anayepokea anacheka, na mama mwenye kitunguu cha mwisho kwenye kikapu anapita bila kitunguu. Msemo wa zamani kwamba raia ni shamba la askari nao ulichekesha. Shamba ndilo halikucheka.

Majina makubwa pia yamegeuzwa. Karne ya 19, wakati Tippu Tip alipokuwa na makao Kasongo, "wangwana", neno la watu huru, lilitumika hata kwa wafuasi waliokuwa watumwa. Siku hizi Kabambare inajua kundi la Mai-Mai linaloitwa Malaika. Mtoto anayesikia neno hilo kwanza pamoja na milio ya risasi, atafundishwa vipi maana yake ya msikitini na kanisani?

Neno linaloumiza zaidi ni la karibu zaidi. Kwa familia zilizohama, watu wanapenda kurudia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ni nzuri kwa mgeni aliyekuja kutembea. Lakini mhami hakukataa jembe. Aliliacha shambani alipokuwa akikimbia. Anayetaka kumpa jembe ampe na kipande cha ardhi, hata kidogo, apande mihogo, apate na sombe. Vinginevyo methali inakuwa njia ya adabu ya kumwambia aondoke.

Basi kipimo kiko rahisi: nani anacheka, na nani analipa? Mzaha wa mnyonge juu ya mkubwa unafichua. Mzaha wa mkubwa juu ya mnyonge unaficha. Redio za Kasongo na Kabambare zinaweza kusaidia kwa kuita rushwa rushwa, bila chai wala soda, na kwa kuwapa wahami muda wa kusema wenyewe wanataka kuitwa nani. Wengi wao ni wakulima, walimu na mafundi wa kushona. Hayo ni majina ya kutosha. Viongozi nao, wakisikia raia wanacheka kuhusu barabara, wasitafute aliyeanza kucheka. Waende kuiangalia barabara.