Mvua za Rwenzori, tope la Kilembe na soko la Mpondwe

MFANYABIASHARA anayevusha samaki, maharage au mahindi katika mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, huitazama mvua ya Rwenzori kwa hofu ya barabara na madaraja. Lakini mvua hiyo hubeba pia mzigo usioonekana kwa macho: metali kutoka mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe.

Mgodi huo, ulio juu ya mji wa Kasese, ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982. Shaba ilikwenda kwa reli kuyeyushwa Jinja. Kilichobaki ni mamilioni ya tani za tope na mawe katika bonde la mto Nyamwamba, na rundo la pairiti yenye kobalti lililowekwa Kasese. Rundo hilo lilianza kuchakatwa 1999, lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo maji yake yaliteremka kuelekea Ziwa George na kuunguza mimea ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Sababu yake si ngumu. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha shaba na kobalti iliyomo ndani ya mawe.

Kichujio kisicho na injini

Duniani kote, migodi iliyofungwa hutegemea njia za kusafisha maji zisizohitaji umeme wala mtu wa zamu: mabwawa ya kutuamisha tope, mifereji ya mawe ya chokaa yanayopunguza asidi, na ardhi oevu yenye matete au mafunjo. Maji yakipita polepole, chuma hugeuka kutu na kuzama, nayo kutu hiyo hunasa shaba na metali nyingine. Huku Kasese, sehemu ya kazi hiyo hufanywa na ardhi oevu ya Ziwa George, eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 1988.

Neno la kushika hapo ni "polepole". Mvua kubwa huharibu hesabu yote kwa njia tatu.

Kwanza, wakati wa kiangazi chumvi zenye metali huganda juu ya tope kama ukoko. Mvua za mwanzo huuyeyusha ukoko huo wote kwa mara moja. Pili, maji mengi hupita mbio na kukosa muda wa kutua. Tatu, mafuriko huchimbua tope lililokwisha kuzama, na metali zilizonaswa kwa miezi huanza safari upya zikiwa zimeshikamana na chembe za udongo.

Kwa hiyo kauli kwamba mvua "inaosha" mto ni kweli nusu tu. Kiasi cha metali katika lita moja kinaweza kupungua kwa kuwa maji ni mengi, huku jumla ya metali inayoteremka siku hiyo ikipanda. Anayepima mto wakati wa kiangazi pekee ni sawa na anayekadiria mauzo ya soko kwa kulitembelea siku isiyo ya gulio.

Nyamwamba imeonyesha nguvu zake. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yalibomoa nyumba, yakafukuza maelfu ya watu na kukata kingo zilizozuia tope la mgodi. Watafiti wamekuta shaba na kobalti kwa viwango vya juu katika udongo, maji na baadhi ya vyakula vya bondeni. Maji ya Ziwa George nayo hutiririka kupitia mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambalo Uganda na Congo wanavua pamoja.

Soko laweza kufungwa kwa siku moja

Hilo halina maana kwamba kila samaki au kila gunia la Kasese lina sumu. Hatari kwa mfanyabiashara ni kutokuwa na majibu siku swali litakapoulizwa. Tunakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, na hata zuio lilipolegezwa, masharti ya usajili na vyeti yalibaki. Aliyekuwa na mzigo safi aliumia sawa na mwenye mzigo mbaya, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuthibitisha.

Congo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006. Vyama vya wafanyabiashara wa pande zote mbili vina haki ya kudai mambo matatu: maji, mboga na samaki vipimwe mara baada ya mvua za mwanzo na baada ya mafuriko, matokeo yatangazwe Kasese na Kasindi kwa lugha inayosomeka, na cheti cha upande mmoja kitambuliwe upande wa pili.

Kwa upande wa Uganda, mpango wowote wa kuufufua mgodi wa Kilembe uanze na tope la zamani. Kingo za mto na mabwawa yapimwe kwa kipimo cha mafuriko makubwa, si kwa maji ya siku ya kawaida. Mafunjo ya Ziwa George nayo yalindwe yasifyekwe. Yanafanya kazi ambayo hakuna anayeilipia, na yakiondoka, gharama itafika hadi kwenye meza ya muuza samaki wa Mpondwe.