Mgonjwa wa Figo Asinyimwe Mayai

Anayesafishwa damu kwa mashine katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, hurudi nyumbani akakuta jamaa wameshampangia miiko. Mingi imejengwa juu ya hofu ya chakula, na hofu hiyo humkondesha mtu ambaye uhai wake unategemea kula.

"Figo zikifa, acha nyama, mayai na maharagwe."
Kwa ambaye hajaanza mashine, protini hupunguzwa kweli ili figo zisilemewe. Akishaanza, amri hugeuka. Kila kikao huondoka na gramu 6 hadi 12 za asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ndiyo maana mwongozo wa Kimarekani wa 2020 unampa gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 60, na yai moja lina 6 hivi. Perege, kuku na mayai virudi mezani.

"Amekonda kwa sababu maji yametoka."
Maji hutoka, lakini uzito unaoshuka mwezi baada ya mwezi mara nyingi ni misuli na mafuta. Tena maji yakijaa mahali pa misuli, mizani haisemi kitu. Damu husema zaidi: mwaka 1990 watafiti Lowrie na Lew walichunguza wagonjwa wa mashine zaidi ya 12,000 nchini Marekani. Katika vipimo vya maabara, albumini (protini ya damu) ya chini ndiyo iliyoashiria kifo kuliko vyote. Albumini hushushwa pia na maambukizi, kwa hiyo chanzo kitafutwe, kisikisiwe.

"Ndizi za Taveta na parachichi za Wundanyi ni sumu, ale ugali mtupu."
Potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo, na wagonjwa wengi nchini Kenya husafishwa mara mbili tu kwa wiki. Hata hivyo, ndizi mbichi ikikatwa vipande vidogo, ikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, hupoteza sehemu ya potasiamu yake. Parachichi halichemshwi, hilo lipunguzwe. Kiasi kiamuliwe na kipimo cha damu.

"Madafu husafisha figo."
Bilauri moja huishinda ndizi kwa potasiamu, na juu ya hayo ni maji yasiyo na pa kutokea. Hapa katazo ni halali.

Kabla ya kumwondolea mgonjwa chakula kingine, ulizeni kliniki mambo matatu: uzito wake bila maji ya ziada, albumini yake na potasiamu yake. Asiyeyajua hayo asimpangie mwenziwe sahani.