Ordinatere za zamani toka Ulaya: juu ya nini bei yake inashuka

Katika wiki moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2025, mambo mawili yaligusa feza ya jamaa za wachimbaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. La kwanza kila mtu alilisikia: tarehe 16, kisha ya miezi karibu nane ya kufungwa, kobalti iliruhusiwa kutoka tena katika inchi yetu, lakini kwa kipimo, tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule na tani 96,600 kwa mwaka 2026. La pili lilitokea siku mbili mbele yake, mbali sana, na hapa kwetu halikupigiwa kelele. Tarehe 14, kompani Microsoft ya Marekani iliacha kutunza Windows 10.

Kutunza maana yake nini? Kila mwezi Microsoft ilikuwa inatuma dawa za kuziba matundu yenye wezi wa intaneti wanapitia. Tangu siku ile dawa zimesimama kwa yeyote asiyejiandikisha katika mpango wa nyongeza, na mpango ule nao mwisho wake kwa mtu binafsi ni tarehe 13 mwezi wa kumi, 2026. Mashini yenyewe haizimike. Inawaka, inaandika, inapiga muziki. Lakini benki ya Ulaya yenye ordinatere mia tano haiwezi kubaki na mashini zisizo na dawa. Na Windows 11, yenye kufuata, imeweka masharti makali: prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, zile zilizoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashini ya mwaka 2015 inaweza kuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, na bado inakataliwa mlangoni.

Mashini zile lazima ziende mahali. Zinanunuliwa kwa jumla, zinapanda meli, na zile za Katanga zinaingia pamoja na bidhaa zingine kupitia Kasumbalesa, njia ile ile yenye shaba yetu inatokea. Kati yake, zenye kuvuta macho ni zile za kipande kimoja, zenye Wafaransa wanaita « tout-en-un »: ekrani kubwa, na kila kitu kimefichwa nyuma yake, hakuna kisanduku chini ya meza. HP EliteOne, Dell OptiPlex, iMac ya Apple. Ukiiweka katika chumba cha kupokelea wageni, nyumba inabadilika sura. Muuzishaji anajua ile. Anaiwasha mbele yako, ekrani inang'aa, anasema: « Papa, iyi iko muzima, inatoka Ulaya. » Na ni kweli inatoka Ulaya. Lakini juu ya nini imetoka, pale hasemi.

Kuna sheria juu ya jambo hili. Congo ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, unaosimamia takataka zinazovuka mipaka, na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025 mkataba ule umebanwa zaidi: takataka zote za umeme na elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziwezi kuvuka mpaka bila inchi yenye kupokea kukubali kwanza kwa maandishi. Shida ni kwamba mashini ya mkono wa pili inayofanya kazi haihesabiwe kuwa takataka. Kati ya « mkono wa pili » na « takataka » kuna kitu kimoja tu: kama mtu aliijaribu kabla ya kuifunga, akaandika matokeo yake. Karatasi ile ya majaribio ndiyo OCC na duane wangepaswa kuitazama kwa kila mzigo, na ndiyo mnunuzi pia anaweza kuomba kwa mwenye duka. Ataambiwa haiko? Basi ajue kwamba majaribio ya mashini ile anayafanya yeye mwenyewe, kwa feza yake.

Na feza ile inatoka wapi, tunajua. Kuna wenye kununua kwa mshahara, kuna wenye kutoa katika faida ya mifuko waliyopakia mwezi ule, na kuna wenye kutumia dekonti finali, feza ya mwisho ya kazi, ili mama afungue sekretaria ya kuandika na kuchapa barua. Wazee wetu wa Gécamines wanakumbuka mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea feza ya kuondoka: dekonti haiji mara mbili. Kwa hiyo tuitazame mashini hii kwa makini, sawa vile mtu anatazama mawe kabla ya kulipa.

Jambo lenye linapita yote hapa kwetu ni umeme. Ordinatere ya kipande kimoja inafanana na televizyo, haina batri ndani. Iko tu na kabatri kadogo ka saa, kama jetoni. Kobalti yenye watu wa Kolwezi wanatoa chini ya udongo inaingia katika batri za telefone na za laptopu, katika mashini hii haimo. Umeme ukikatika, kazi yote ambayo haijahifadhiwa imekwenda. Mama alikuwa amefikia ukurasa wa nane wa memware ya mwanafunzi, delestaje ikapita: anaanza upya, ao anagombana na mwanafunzi.

Kuna watu watasema: tia ondilere. Vizuri, tuhesabu. Mashini ya ekrani ya inchi 23 inakula wati 70 hivi ikiwa kazini. Ondilere ndogo ya 650 VA kwa kawaida iko na batri moja ya volti 12, ampea-saa 7, maana yake wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa kweli utapata minuti 20 hivi, batri ikiwa mpya, na batri ile kisha ya miaka miwili ao mitatu ya delestaje imechoka. Minuti 20 zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, hazitoshi kuendelea kufanya kazi. Kwa mwenye paneli za jua, saa nne za mashini hii ni wati-saa 280, na ukiongeza yenye inapotea katika kugeuza umeme, ni zaidi ya 300. Batri ya gari kubwa ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa kupita nusu, basi inakupa wati-saa 600: mashini imekula nusu yake, na bado taa, bado telefone za nyumba nzima. Laptopu ya wati 25 kwa saa zile zile nne inakula 100 tu, na umeme ukikatika yenyewe haishtuke.

Tena si kukatika peke kunaua. Umeme ukirudi kwa nguvu, unapiga moja kwa moja alimentasyo ya mashini. Kwa ordinatere ya kisanduku, alimentasyo ni kipande cha kawaida, fundi yeyote wa mtaa anabadilisha. Katika mashini nyingi za kipande kimoja iko na umbo lake peke yake, ya modeli ile tu, na kuipata ni kuvunja mashini ingine inayofanana. Vilevile ekrani: ikipasuka, mwenye kisanduku ananunua ekrani yoyote ya sokoni, lakini mwenye kipande kimoja amefunga duka. Ndiyo maana, kwa mama wa sekretaria, mimi ningechagua kisanduku na ekrani mbali mbali, hata kama haipendezi macho. Kwa mwanafunzi wa mtaa wenye delestaje kila siku, laptopu. Mashini ya kipande kimoja inafaa zaidi nyumba yenye umeme wa kutulia, biro ya koperative yenye jenereta, ao salle ya shule, ambako nafasi ni ndogo na nyaya chache ni faida.

Ukiwa umeamua kununua, usipime kwa inchi, pima kwa mwaka. Na usidanganywe na « i7 ». Muuzishaji anapaza sauti juu ya i5 na i7 kama vile ni daraja la ndege, lakini i7 ya kizazi cha 2 ni ya mwaka 2011. Tazama namba inayofuata: katika i5-4570 tarakimu ya kwanza, 4, ndiyo kizazi, katika i5-8500 ni 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10500, kizazi ni 10. Kwa HP EliteOne 800 alama iko katika herufi G: G1, G2 na G3 ni za chini ya mpaka, G4 imepita. Kwa Dell OptiPlex, 7440 na 7450 ziko chini, 7460 iko juu. Tofauti kati ya 7450 na 7460 kwa macho ni ndogo. Lakini moja Windows 11 inaikubali na ingine hapana, na bei ingepaswa kuonyesha ile tofauti wazi.

Je, zile za chini ni za kutupa? Hapana. Mashini ya kizazi cha 4 ao cha 6, ukiitilia disiki ya SSD pahali pa disiki ya kuzunguka, na memware ya giga 8, inaamka kama mpya. Hakuna matengenezo mengine yenye kurudisha feza vizuri hivi. Kisha, pahali pa Windows, weka Linux Mint: ni ya bure, iko kwa Kifaransa, inapokea dawa zake kila wakati, na inakuja na LibreOffice ya kuandika barua na kufanya hesabu. Virusi vyenye vinatembea na funguo za USB katika sekretaria zetu vimeandikwa kwa Windows, pale havipati kazi. Ubaya wake ni kwamba programu fulani za kompani haziingie, na kuna imprimante zenye kusumbua, basi jaribu imprimante yako kwanza. Lakini kwa kitabu cha koperative, mifuko mingapi, uzito gani, tenere gani, nani amelipwa, inatosha sana.

iMac ni hadithi yake. Ile ya inchi 27 yenye kuitwa 5K, iliyotoka mwishoni mwa 2014, iko na ekrani yenye bado inashinda nyingi za leo, na watu wa picha za ndoa wanaitamani. Haki yao. Lakini Apple nayo inafunga mlango kwa mwaka: ile ya 2014 inasimama kwenye Big Sur, ya 2015 kwenye Monterey, ya 2017 kwenye Ventura, ya 2019 kwenye Sequoia. Tangu mwishoni mwa 2012 ekrani imebandikwa kwa gundi, na kufika ndani lazima kuikata. Ya inchi 27 iko na kamlango nyuma ka kuongeza memware, ile ya inchi 21.5 ya miaka ile haina. Na usiamini mwenye kusema kwamba siku ikikufa utaitumia kama ekrani ya laptopu: zile za 5K hazipokee picha toka mashini ingine.

Mbele ya kulipa, omba saa moja. Soma nyuma ama kwenye adaptere: ikiandikwa 100-240V, hakuna shida, ikiandikwa 115V peke, umeme wetu wa volti 220 utaichoma. Ifanye ifunguke na ifungwe mara tatu. Iache iwake minuti 40 ukigusa mgongo wake, kwa sababu mashini yenye moto wa kupita kiasi inajificha katika minuti kumi za kwanza. Ingia katika BIOS: ikikuomba neno la siri, ile mashini bado iko na mkono wa kompani ya kwanza, na katika modeli za miaka ya karibuni kutoa batri ndogo hakuondoi kitu. Kwa iMac, muuzishaji atoe akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, pasipo ile unaweza kujikuta na ekrani iliyofungwa. Kama saa inarudi nyuma kila mara unapoiwasha, ni kabatri ka CR2032 kamekufa. Ni kitu kidogo, lakini tarehe ikiwa mbaya intaneti itakataa kufungua kurasa nyingi na utafikiri mashini imeharibika. Tazama tena klavye: zile zenye kupitia Dubai ao Afrika ya Kusini ni QWERTY mara nyingi, na mtoto anajifunza shuleni AZERTY. Klavye inabadilishwa, lakini itoke katika bei.

Na omba karatasi yenye jina la duka, namba ya mashini na muda wa kuirudisha, hata wiki mbili. Muuzishaji mwenye kuijua mashini yake anaandika.

Inabaki siku yenye mashini itakufa kabisa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inahesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na shaba iliyomo ndani peke yake ilikuwa na bei ya dola miliare 19. Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa shaba ni nini, na nyaya za mashini iliyokufa watoto wanazijua vilevile. Lakini ekrani za kabla ya mwaka 2010 nyingi ziko na taa nyembamba zenye zebaki ndani, na kuchoma nyaya kunatoa moshi wa sumu katika parsele yenyewe ambamo mama anapika. Miji yetu inahitaji mahali pa kupeleka mashini zile, na ingekuwa haki wale wanaoziingiza kwa mamia walipie sehemu yake pale pale Kasumbalesa, mbele ya kupakua.