Kabla ya Kung'oa Vali, Tuulize Kazi Yake

Katika madarasa yetu ya sayansi, kanieneo ya hewa hufundishwa aghalabu kwa bilauri ya maji iliyofunikwa kwa karatasi na kupinduliwa. Karatasi haidondoki, watoto hushangilia, mwalimu huandika kanuni ubaoni, na somo huishia hapo. Jaribio hilo ni zuri, lakini humwachia mtoto kanuni asiyojua pa kuitumia. Maoni yangu ni kwamba hatuna budi kulifikisha somo hilo gerejini, na humo tumfundishe mwanafunzi kuuliza kazi ya kila kitu kabla ya kukiondoa.

Chukueni mfano wa injini ya Toyota iitwayo 3S-GTE, yenye silinda 4 na ukubwa wa lita 2. Ndiyo iliyoendesha magari ya Celica yaliyoshinda mashindano ya Safari nchini Kenya mwaka 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995. Ni injini yenye tabo: moshi utokao huzungusha gurudumu la mapanga, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Katika matoleo mawili ya kwanza ya injini hiyo, kila silinda ilipata hewa kwa njia mbili, na moja ya njia hizo ilikuwa na vali yenye umbo la kipepeo. Injini izungukapo polepole, kipepeo hufunga njia yake. Hewa yote hulazimika kupita katika njia iliyobaki, ikaenda kasi na kuchanganyika vyema na petroli. Mizunguko ikishapita 4,000 na kidogo kwa dakika, kipepeo hufunguka ili injini ipate hewa tele.

Ni nini kinachokifunga kipepeo hicho? Ni hewa yenyewe. Dereva anapoachia mafuta, mlango wa hewa hujifunga, ilhali pistoni zaendelea kuvuta. Kanieneo ndani ya manifoldi hushuka chini ya ile ya nje. Mvuto huo hupita katika mpira mwembamba hadi kwenye kiwambo. Kiwambo huvuta fimbo, na fimbo hufunga kipepeo. Lakini tabo ianzapo kusukuma, mvuto hutoweka ndani ya manifoldi. Kwa hiyo waliounda injini waliweka tangi dogo la kuhifadhi mvuto, pamoja na vali ya njia moja isiyoruhusu hewa kurudi.

Wapenzi wa mbio za magari, hasa huko Marekani na Uingereza, hupenda kuving'oa vipepeo hivi ili njia zote mbili ziwe wazi daima. Kisha huziba matundu yaliyobaki na kuipanga upya mipira ya hewa. Hatua zake huandikwa kwa namba: toa hiki, ziba kile, unganisha hapa. Kazi ikienda sawa, aliyekariri hatua na anayejua sababu hawatofautiani. Tofauti yao huonekana pale mpira mmoja unapobaki mkononi bila pa kwenda.

Maana mipira hiyo hufanana kwa sura, bali si kwa kazi. Mmoja huenda kwenye kidhibiti cha petroli, ili kanieneo ya petroli ipande pamoja na ile ya hewa. Ukiachwa nje, petroli hupungua wakati tabo inaposukuma, mwako hugonga, na pistoni huweza kuharibika. Mwingine hufungua kilango kinachopitisha moshi pembeni ili tabo isizidishe nguvu; ukichomolewa, tabo husukuma kupita kiasi. Hata tundu dogo lililoachwa wazi lina madhara: injini inapotulia huvuta hewa isiyopimwa ikatetemeka, na tabo inaposukuma hewa huvuja nje.

Sisemi kwamba kung'oa ni kosa. Toyota wenyewe waliviacha vipepeo hivyo katika toleo la tatu, lakini walibuni upya njia za kuingizia hewa. Walijua kazi ya kile walichokiondoa, wakajua pia faida iliyopotea kwa injini izungukapo polepole.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanamzidi mtoto wa darasa la sita. Injini nzima inamzidi, nakubali. Lakini kanuni yake haimzidi. Chukueni mabomba mawili ya sindano, mapya na yasiyo na sindano, muyaunganishe kwa mpira mwembamba. Mtoto akivuta mtaimbo wa moja, wa pili huingia ndani. Akiusukuma, wa pili hutoka. Kisha toboeni mpira huo tundu dogo, arudie. Mtaimbo wa pili sasa hausogei ipasavyo. Waacheni watoto wenyewe waseme hewa imepita wapi. Baada ya hapo vali ya baiskeli itawaonyesha jinsi hewa inavyoruhusiwa kupita upande mmoja tu.

Wengine watasema kwamba mafundi wengi wa mitaani hawakusoma kanuni hizi, na magari yanatembea. Ni kweli, na ustadi wao wastahili heshima. Lakini fundi aliye hodari hujiuliza sababu, japo hakuipata shuleni. Aliipata kwa miaka mingi, na pengine kwa kuharibu vitu vya watu. Shule ipo ili kumpunguzia mtoto miaka hiyo na hasara hiyo. Wengi wa watoto tunaowafundisha wataishika spana kabla hawajafikisha miaka 20, na injini watakayoifungua itakuwa ni mali pekee ya familia fulani.

Basi, ndugu walimu wanafunzi, mwendapo katika mazoezi ya kufundisha, msiridhike na andalio la somo lenye hatua peke yake. Kila mnapofundisha chombo, kiwe pampu, taa au baiskeli, andikeni humo swali hili na mlipe dakika za kutosha: tukikiondoa kitu hiki, ni nini kitakachoharibika, na kwa sababu gani?